Bach kijana na kantata ya msiba

Johann Sebastian Bach alikuwa na miaka 22 au 23 alipotunga kantata ambayo wanamuziki huiita Actus tragicus. Katika orodha ya kazi zake ina namba BWV 106, na jina lake hasa ni maneno yanayofungua uimbaji, Gottes Zeit ist die allerbeste Zeit: wakati wa Mungu ndio wakati ulio bora kuliko wote. Inachukua dakika ishirini na kitu. Haina tarumbeta wala ngoma, wala kundi la fidla. Kuna filimbi mbili za mbao, viola da gamba mbili, kinanda, na waimbaji wa sauti nne. Kwa vifaa hivyo vichache, kijana aliyekuwa bado mwanzoni mwa kazi yake aliandika muziki wa mazishi ambao, kwa maoni yangu, yeye mwenyewe hakuupita kwa ufundi wala kwa ukweli katika miaka yote 40 na zaidi iliyofuata.

Nataka kueleza namna ulivyojengwa, kwa sababu siri yake iko katika ujenzi. Watu wengi hudhani muziki wa msiba kazi yake ni kulia pamoja na wafiwa. Huu haulii. Unamchukua mfiwa kutoka mahali alipo, unamteremsha hadi chini kabisa, unamnyamazisha hapo, kisha unampandisha kwa njia nyingine. Mtu anayeusikiliza bila kujua Kijerumani ataihisi safari hiyo, ila akijua kinachosemwa na nani anakisema, atashangaa kwa jinsi kila nota ilivyopewa kazi yake.

Bach alikijua kifo mapema. Alizaliwa Eisenach, katikati ya Ujerumani, Machi 1685, mtoto wa mwisho katika ukoo wa wanamuziki. Mama yake alizikwa Mei 1694, mtoto akiwa na miaka tisa. Baba yake, Johann Ambrosius, alioa tena Novemba mwaka huohuo, na Februari 1695 naye akafariki, mwezi mmoja kabla mwanawe hajafikisha miaka kumi. Yatima huyo alichukuliwa na kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa Ohrdruf, akalelewa na kufundishwa huko.

Wapo wanaoishia hapo: aliyezika wazazi utotoni lazima aimbe vizuri kuhusu mauti. Mimi siridhiki na maelezo hayo. Ujerumani ya wakati ule ilijaa mayatima, na wengi wao hawakutunga chochote. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba kwa Bach, kama kwa wanamuziki wote wa makanisa ya Kilutheri, mazishi yalikuwa kazi ya kila wiki. Wanafunzi wa shule za Kilatini walitembea mbele ya jeneza wakiimba, na walilipwa kwa hilo. Walimu wao walipata fungu lao. Mwaka 1730, akiwa Leipzig, Bach alimwandikia rafiki yake wa ujana, Georg Erdmann, akimweleza hali ya kipato chake. Humo anasema kwamba hali ya hewa ikiwa ya afya na watu wasipokufa wengi, mapato yake hupungua, na kwamba mwaka uliotangulia alikosa zaidi ya taleri 100 za mazishi ya kawaida. Msomaji wa leo anaweza kuiona barua hiyo ni ya mtu mkavu wa moyo. Ukizingatia kwamba mwandishi wake alizaa watoto 20 na ni kumi tu waliofika utu uzima, utaona ni maneno ya mtu aliyeishi na mauti mezani pake, yakiwa huzuni na riziki kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kijana huyu alirithi ufundi. Katika ukoo wa Bach nyimbo za kwaya za mazishi zilitungwa kizazi baada ya kizazi, na Johann Christoph Bach, mpiga kinanda wa Eisenach na binamu wa baba yake, aliacha maombolezo ya sauti moja na nyuzi ambayo hadi leo waimbaji huyaogopa kwa uzito wake. Johann Sebastian aliyahifadhi maandishi ya wazee hao maisha yake yote. Mwaka 1705, akiwa na kazi Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Lübeck, kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude. Alikaa huko karibu miezi minne, na waajiri wake hawakufurahi. Desemba ya mwaka huo Buxtehude alitoa muziki wa maombolezo ya Kaisari Leopold wa Kwanza. Muziki wenyewe umepotea, lakini tunayo maombolezo mengine ya Buxtehude, yaliyochapishwa mwaka 1674 baada ya kifo cha baba yake. Msingi wake ni wimbo wa Luther, Mit Fried und Freud ich fahr dahin, wimbo wa mtu anayeondoka duniani kwa amani na furaha. Tuukumbuke wimbo huo, maana tutakutana nao tena.

Kuna jambo la imani ambalo bila hilo muziki huu hauelewiki. Katika Kanisa Katoliki, misa ya wafu ni sala kwa ajili ya marehemu. Roho yake inaombewa, na muziki unabeba ombi hilo. Ndiyo maana Requiem ya Mozart inatetemeka mbele ya siku ya hukumu. Martin Luther na wafuasi wake waliiondoa misa hiyo. Waliamini kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu na kwamba hakuna ibada ya walio hai inayoweza kubadili hali yake. Ibada ya mazishi ikabaki bila kazi yake ya zamani, ikapewa mpya, nayo ni kuwafundisha walio hai namna ya kufa. Kila jeneza likawa somo. Mkristo alitazamiwa kujiandaa kabla: kuchagua aya ya mahubiri ya mazishi yake, kuchagua nyimbo, kuweka mali na roho sawa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mtawala wa Gera, Heinrich Posthumus von Reuss. Kabla hajafa aliagiza jeneza lake liandikwe aya za Biblia na beti za nyimbo alizozichagua mwenyewe, na Heinrich Schütz akayatungia maneno hayohayo muziki ulioimbwa kwenye mazishi yake mwaka 1636. Wote walioingia kanisani waliliona jeneza na kusikia kilichoandikwa juu yake. Bach alizaliwa miaka karibu 50 baadaye, lakini kantata yake inatoka kwenye desturi hiyo moja kwa moja. Nayo haina mashairi mapya. Ni aya za Biblia na beti za nyimbo za ibada, zimepangwa kwa mfuatano ambao sehemu kubwa ulikwisha kuonekana katika kitabu cha sala cha Johann Olearius cha mwaka 1668, kwenye sala za kujiandaa kufa.

Bach alikuwa Mühlhausen wakati huo. Mji huo ulijitawala wenyewe, na Juni 1707 ulimwajiri kuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Blasius. Wiki chache kabla, mwishoni mwa Mei, moto ulikuwa umeteketeza mamia ya nyumba. Ulipofika wakati wa kuidhinisha ajira yake, baadhi ya wazee wa mji walikosa hata kalamu na wino wa kutia saini. Alikaa mwaka mmoja tu. Mwaka huo alimuoa Maria Barbara, akatunga kantata ya Zaburi ya 130, ile ya mtu anayelia kutoka vilindini, kwa ombi la mchungaji Georg Christian Eilmar. Februari 1708 akatoa kantata ya kuapishwa kwa baraza jipya la mji, yenye tarumbeta, ngoma na makundi ya ala yanayojibizana, na baraza likalipia ichapishwe. Kazi hiyo ya sherehe ilimpa sifa. Actus tragicus haikuchapishwa. Mwandiko wake wa asili umepotea, na nakala ya zamani kuliko zote tuliyonayo iliandikwa mwaka 1768, mtunzi akiwa ameshafariki miaka 18 kabla.

Wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu juu ya aliyezikwa kwa muziki huu. Wengine humtaja mjomba wa Bach, Tobias Lämmerhirt wa Erfurt, aliyefariki Agosti 1707 na kumwachia urithi wa gulden 50. Wengine hutaja mzee Adolph Strecker, aliyewahi kuwa meya wa Mühlhausen, au mmoja wa jamaa za mchungaji Eilmar. Mjadala hauishi kwa sababu kantata yenyewe haimtaji marehemu popote. Haisemi alikuwa mwanamume au mwanamke, tajiri au fukara, mzee au kijana. Wasifu wa marehemu ulikuwa na nafasi yake katika mahubiri, ambayo familia zenye uwezo zilikuwa zikiyachapisha. Muziki ulikuwa na shughuli nyingine, na anayezungumziwa ndani yake ni yule aliyekaa kwenye benchi akisikiliza.

Twende ndani ya muziki.

Mlango wake ni ala tupu, kipande kifupi cha polepole sana. Viola da gamba ni ala ya nyuzi inayochezwa kwa upote, ikishikwa kati ya magoti, na sauti yake ni ya chini na ya moshi kidogo. Wajerumani wa zama zile waliihusisha na huzuni. Bach anazipa gamba zote mbili nota zinazorudiwarudiwa kwa upole, na kinanda nacho kinapiga pamoja nazo. Juu yake filimbi mbili zinaimba karibu wimbo uleule mmoja. Neno karibu ndilo muhimu. Zinakwenda pamoja, kisha moja inanyamaza kwa pigo dogo wakati nyingine inashikilia nota, kisha zinabadilishana. Sikio halijui ni filimbi gani inapumua na ipi inaimba, hivyo wimbo unasikika kama mtu anayepumua kwa shida bila kukata pumzi. Hakuna jambo gumu la kiufundi hapa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuzicheza nota hizo. Kuzitunga ni jambo jingine.

Sauti nne zinaingia pamoja na kutangaza kwamba wakati wa Mungu ndio bora. Kisha muziki unachangamka ghafla, sauti zikifuatana kwa mbio, kwa maneno ya Matendo ya Mitume 17:28 kuhusu kuishi na kutembea kwetu ndani ya Mungu. Wengine wanakimbia, sauti moja inashikilia nota ndefu kwenye maneno yanayosema tunaishi kwa kadiri apendavyo yeye. Halafu mbio zinakatika. Mwendo unakuwa mzito na sauti zinafifia, kwa sababu neno la sasa ni kufa. Katika dakika mbili tumepita uhai wote wa binadamu.

Hapo zinakuja sauti mbili za pekee. Mwimbaji wa sauti ya tena anaimba ombi la Zaburi ya 90, aya ya 12, la kupewa hekima kwa kukumbuka kwamba tutakufa. Ala zinarudia mchoro uleule mfupi tena na tena chini yake, kama mawazo ya mtu asiyepata usingizi. Kisha besi anaingia kwa sauti ya amri. Hapa ni nabii Isaya, sura ya 38, akimwambia mfalme Hezekia aweke mambo yake sawa kwa sababu ugonjwa wake hautapona. Filimbi zinakimbia juu yake kwa kasi ya kutisha. Anayeijua Biblia anakumbuka kwamba Hezekia alilia na kuomba, akaongezewa miaka 15. Kantata haisemi habari hiyo. Amri inatolewa, na hakuna nyongeza.

Sasa tunafika katikati, mahali ambapo kazi yote inategemea. Sauti tatu za chini, alto, tena na besi, zinaimba sheria ya kale kwamba mtu hana budi kufa. Maneno yanatoka katika Yoshua bin Sira 14:17, kitabu ambacho msomaji atakikuta katika Biblia ya Kikatoliki. Luther hakukihesabu pamoja na Maandiko makuu, ila alisema kinafaa kusomwa. Besi ya kinanda inatembea hatua kwa hatua bila kupumzika. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine, kila moja ikirudia wimbo wa mwenzake, kwa mtindo wa fuga, na mtindo huo unafaa kabisa: sheria isiyo na mwanya inasemwa kwa muziki usio na mwanya.

Katikati ya ukuta huo soprano inaingia, peke yake, juu, kwa wimbo laini. Haibishani na zile tatu. Inaita tu. Maneno yake ni ya aya karibu na ya mwisho kabisa ya Biblia, Ufunuo 22:20, mwaliko wa kumwomba Yesu aje. Na wakati huohuo filimbi zinaanza kupiga wimbo wa ibada usio na maneno, Ich hab mein Sach Gott heimgestellt, wimbo ambao kila mtu kanisani aliujua tangu utotoni: mwimbaji wake amemkabidhi Mungu mambo yake yote. Waumini wasingehitaji kuambiwa maneno. Waliyajaza wenyewe kimoyomoyo. Basi tuna tabaka tatu kwa pamoja. Chini sheria, juu mwaliko, na katikati moyo wa msikilizaji mwenyewe ukiimba bila kufungua mdomo. Sijui mtunzi mwingine wa umri ule aliyewahi kumshirikisha msikilizaji kwa namna hiyo.

Sheria inarudi, mwaliko unarudi. Kila mara soprano inapata nafasi kubwa zaidi. Mwishowe sauti za chini zinazimika, ala zinaacha moja baada ya nyingine, na besi ya kinanda iliyotembea muda wote inasimama. Soprano inabaki peke yake ikilitamka jina la Yesu kwa nota zinazotetemeka, bila ala yoyote kuishikilia, na wimbo wake haufiki nota ya kupumzikia. Unaachwa hewani. Baada yake Bach ameandika kipimo kizima kisicho na nota hata moja, na juu yake alama ya kusubiri.

Kimya hicho ni sehemu ya muziki, na ni kifo chenyewe. Vyote vilivyotangulia vilizungumza kuhusu kufa; hapa ndipo mtu anapokufa. Bach alielewa kwamba tukio hilo haliwezi kuimbwa na aliyelipitia, wala kuelezwa na waliobaki. Viongozi wengi wa kwaya huogopa kimya hicho na kukifupisha. Rekodi inayofanya hivyo inaharibu kazi nzima, hata kama waimbaji wake wana sauti za dhahabu.

Baada ya kimya, alto anaanza. Maneno ni ya Zaburi ya 31:5, yaleyale aliyoyasema Kristo msalabani akiikabidhi roho yake kwa Baba. Na sasa angalia besi: ile iliyokuwa ikitembea kwa ukali inapanda, ngazi kwa ngazi, na inarudia kupanda. Besi ya kiume inajibu kwa maneno ya Luka 23:43, ahadi ya Yesu kwa mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye, kwamba siku hiyohiyo wataonana Peponi. Angalia pia ni nani anayejibu. Sauti ya besi ndiyo iliyotoa amri ya Isaya. Sauti ileile iliyosema utakufa sasa inasema utakuwa pamoja nami. Bach hakuhitaji kueleza lolote zaidi.

Na hapo ndipo wimbo wa Luther unapoingia, ule tuliouacha kwa Buxtehude, wimbo wa mzee Simeoni aliyembeba mtoto Yesu hekaluni akasema sasa anaweza kuondoka kwa amani. Alto anauimba polepole, besi ikiendelea na ahadi yake, gamba mbili zikifuma nyuzi kati yao. Ahadi inapomalizika besi inanyamaza na wimbo unabaki na gamba. Unapofika maneno ya utulivu na ukimya, muziki wenyewe unashuka sauti. Kifo, anasema Luther, kimekuwa usingizi.

Kuna mpango mwingine ambao sikio huufikia kabla ya akili. Kantata inaanza katika E-flati meja, ufunguo wenye flati tatu. Inapita C maina, inateremka F maina kwenye fuga ya sheria, na baada ya kile kimya inafika B-flati maina, penye flati tano, mahali pa giza kuliko pote katika kazi hii. Ahadi ya Peponi iko A-flati meja. Mwishoni tunarudi E-flati tulipoanzia. Shimo lipo katikati. Mtaalamu wa Marekani Eric Chafe ameonyesha kwa kirefu jinsi kushuka na kupanda huko kunavyoendana na historia ya wokovu kama Walutheri walivyoifundisha, kutoka Agano la Kale hadi Jipya. Hata asiyeshiriki imani hiyo anaweza kuhisi mteremko na mpando.

Mwisho wote wanaimba pamoja ubeti wa kusifu kutoka katika wimbo wa Adam Reusner wa karne ya 16, filimbi zikirudisha mwangwi wa mistari. Mstari wa mwisho unageuka kuwa fuga ya furaha. Mtunzi mwingine angemalizia kwa nguvu. Bach anamalizia kwa Amina ndogo, na baada ya waimbaji kunyamaza ala zinairudia kwa sauti ya chini.

Muda si mrefu alihamia Weimar, na mtindo wa kantata ukabadilika. Mashairi mapya, masimulizi ya nusu kuongea nusu kuimba, nyimbo za pekee zinazorudi mwanzo kama kwenye opera: hayo ndiyo aliyoyatumia tangu hapo. Alipata mengi kwa mabadiliko hayo. Mwaka 1727 alitunga maombolezo ya malkia Christiane Eberhardine, ambamo gamba mbili na filimbi zinarudi pamoja na vinanda vya nyuzi vya mkononi, kazi yenye fahari na rangi nyingi. Lakini ile ina mtu wa kusifiwa, malkia mwenye cheo chake na wema wake. Naipenda, na bado naona kantata ya Mühlhausen imefika mbali zaidi kwa kutomsifu yeyote. Katika zama zetu mtunzi wa Hungaria György Kurtág aliuandika upya ule mlango wa ala kwa mikono minne kwenye piano moja, akawa akiupiga na mkewe Márta jukwaani. Anayetaka kuanza na dakika tatu tu na aanzie hapo.

Muziki huu si mgeni kabisa kwetu. Wamisionari wa Leipzig, mji ambamo Bach alifanya kazi miaka 27 ya mwisho ya maisha yake, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na pamoja na katekisimu walileta nyimbo za ibada za Kijerumani, za mfano uleule wa nyimbo ambazo filimbi na alto wanaziimba katika kantata hii. Nyingine bado zimo katika vitabu vya nyimbo vya Kilutheri Tanzania, na huimbwa kwa sauti nne kwenye misiba, wazee wakiwa hawahitaji kitabu. Kwaya inayoweza kuimba nyimbo hizo imeshapata theluthi moja ya maandalizi.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu wa kwaya. Nota za Actus tragicus hazina mwenye hakimiliki. Toleo la Bach-Gesellschaft la karne ya 19 linapatikana bure kwenye intaneti. Filimbi zinaweza kupatikana shuleni, na sehemu za gamba zinaweza kupigwa kwa kinanda mpaka mpate ala zake. Anzeni na ubeti wa mwisho, kisha mjifunze kwaya ya kwanza, na fuga ya katikati muiache hadi sauti tatu za chini ziwe na uhakika. Tafuteni soprano mmoja asiyeogopa kubaki peke yake. Na mkifika kwenye kile kipimo kisicho na nota, msihesabu haraka.